Kofia ya Gurudumu la Kulia

Kina mama wa kikundi, mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kwenye foleni ya maji, na wewe mama Halima wa duka umeniuliza ukinipimia sukari: safari ya Emali ilikuwaje? Kila mara nimejibu, "Ilikuwa nzuri, Mungu alitufikisha." Mungu alitufikisha, huo ni ukweli. Lakini haikuwa nzuri, na ubaya wake ulitoka kwangu. Naandika Kiswahili ili mama Halima naye asome. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo msitafute maneno matamu hapa.

Karavani yangu mnaijua, ile nyumba ya bati yenye magurudumu mawili iliyokaa kando ya ghala. Marehemu mume wangu alikuwa mpishi kwenye kambi ya watu wa barabara. Kambi ilipovunjwa, mkubwa wake alimwachia. Mzee akanifundisha kuitunza, na alipokufa niliendelea. Mchwa niliwazuia kwa majivu na oili chafu kuzunguka mawe. Paa nililiziba kila kabla ya mvua. Tairi nilizifunika magunia ili jua lisizipasue. Mpira wa gesi niliupaka povu la sabuni kuona kama unavuja. Nanyi mkaniita fundi, nami nikalipenda jina hilo kuliko inavyompasa mtu anayeenda kanisa.

Sasa, Mwende binti yangu alikuwa mjamzito kule Emali. Mtoto wake wa kwanza karibu amtoe roho. Safari hii alinipigia simu akasema, "Mama, nataka uwe hapa kabla sijaingia kuzaa. Nikuone kwa macho." Nikamwahidi.

Lakini mnanijua. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hawakai meza moja, hawatazamani usoni, na mkwe hakaribii kitanda cha mama ya mke wake. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya Wakamba, na mimi sikuiacha hata pasta aliposema siku hizi si lazima. Kwa hivyo nikaamua nitakwenda na paa langu mwenyewe. Karavani itavutwa mpaka Emali, isimame kwenye boma lao, nilale humo. Mutua, mume wa Mwende, akamwacha mke wake na jirani, akaja na pikapu kunichukua. Ningeweza kupanda basi na kufika siku hiyo hiyo. Kumbukeni hilo mkiendelea kusoma.

Kyuso mpaka Mwingi

Kabla ya gari kuvuta karavani iliyokaa miaka sita, bering za magurudumu, zile gololi za chuma za ndani, hufunguliwa, huoshwa kwa mafuta ya taa, na kushindiliwa grisi mpya kwa kiganja. Zikiwa kavu zinasagana, zinashika moto, gurudumu linatoka. Mzee aliniambia hayo mara mia.

Wiki moja kabla Mutua hajaja, nililifungua la kushoto. Kazi safi. La kulia likanishinda. Ile kofia ya chuma inayofunika habu, kitovu cha gurudumu, ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikaigonga kwa nyundo ikabonyea, haikutoka. Mkono ukavimba. Ningeita fundi kutoka sokoni, lakini fundi angecheka, na kesho yake mngejua nyote. Nikachukua rangi ya bluu iliyobaki ya mlango, nikazipaka kofia zote mbili. Zikang'aa sawa. Nikajipaka na grisi kidogo kwenye kanga ili nionekane nimetoka kazini.

Mutua alipofika alisimama mbali, macho chini, kama kijana aliyelelewa. Nilikuwa nimepata njia ya kuongea naye bila kuongea naye: nampigia Mwende Emali, Mwende anampigia Mutua. Tulikuwa tumesimama hatua sita, lakini neno letu lilipita Emali kwanza.

"Mama," Mwende akasema kwenye simu, "Mutua anauliza kama umepaka grisi magurudumu yote mawili."

"Yote mawili."

"Anasema angeweza kuhakikisha mwenyewe."

"Kwani mimi ni mtoto? Mwambie yote mawili!"

Nikamwona akipokea simu, akaitikia kwa kichwa, akaenda kufunga mnyororo wa usalama. Aliniamini.

Ndani ya gari mbele, kando yake, sikukubali kukaa. Nilikaa nyuma ya pikapu juu ya gunia la ndengu, kuku wa supu ya mzazi amefungwa miguu kando yangu, uso wangu ukiangalia karavani. Kwa hivyo safari yote nililitazama lile gurudumu la kulia, nalo likinitazama.

Tulipofika Mwingi, Mutua alisimama kwenye kivuli. Dereva mzuri wa trela akisimama hushika habu kwa kiganja, na kama ni moto anajua kuna shida. Mutua alishika ya kushoto, akaridhika. Akazunguka aende kulia. Juu ya gurudumu hilo kuna dirisha la kitanda changu, na pazia lilikuwa wazi.

Nilipiga simu haraka kuliko mtu aliyeona nyoka. "Mwende, mwambie mume wako upande huo kuna kitanda changu. Mkwe hapiti hapo."

Simu yake ikalia. Akaruka nyuma kama aliyekanyaga makaa, hata akainua mkono kuomba msamaha bila kuniangalia. Kitanda kilikuwa ndani. Gurudumu lilikuwa nje. Hakuna mila inayomkataza mkwe kushika gurudumu, nami nilijua hivyo. Alipoenda zake, niliteremka nikaishika habu mwenyewe. Ilikuwa na joto. Si la kuunguza, ila joto. Nikajiambia ni barabara.

Mwingi mpaka Kitui

Karibu na Kitui askari wa barabarani alitusimamisha. Taa za nyuma za karavani zilikuwa zimekufa. Akasema hatuendi popote. Mutua akahangaika na fyuzi za pikapu, akabadilisha hii na ile, saa nzima ikapita. Simu ya Mwende: "Mama, mumefika wapi? Tumbo limeanza kukaza kidogo kidogo."

Nikateremka. Taa zote zikifa pamoja, mara nyingi si balbu wala fyuzi. Ni ile waya inayofungwa kwenye chuma cha karavani kurudisha moto wa betri. Nikaingia chini na kisu cha jikoni, nikaikuta imeliwa na kutu, nikakwangua chuma kikang'aa, nikakaza skrubu. Taa zikawaka zote.

Waliokuwa wakinywa chai pale kibandani wakapiga makofi. "Susu," mmoja akaniita kama nyanya yake, "wewe fundi kabisa!" Askari akacheka akamwambia Mutua, "Kijana, unapewa somo na nyanya. Mwachie yeye gari."

Mutua akacheka pia, akiangalia viatu vyake. Mwenye kibanda aliniletea chai na chapati, akasema yule kijana amelipia, ameagiza iwekwe juu ya jiwe, ili yeye mwenyewe asinisogelee. Nilikula. Chapati ilikuwa nzuri. Hapo ndipo ningesema. Ningemwambia Mwende, "La kulia sijalifungua," na fundi wa Kitui angelifungua jioni ile ile. Lakini makofi yalikuwa bado masikioni.

Kanyangi, kwa dada yangu

Tulipanga kulala Kanyangi kwa dada yangu Mbithe, nichukue kibuyu cha uji cha mama yetu, kile wanawake wa kwetu wote hunywea wakijifungua. Tulifika jua likiwa bado juu kidogo. Mbithe ni mdogo wangu kwa miaka mitatu, na mdomo wake haujazeeka. Alinikumbatia, akaizunguka karavani akiisifu, akaegemea gurudumu la kulia.

"Uuwi! Hii inachoma!"

"Ni jua," nikasema.

Akaenda upande wa pili, akashika la kushoto. "Mbona hili ni baridi?"

"Lilikuwa kivulini."

"Kalekye. Mumekuja mkigeuka huku na huku barabara nzima. Jua la Kanyangi siku hizi linachagua gurudumu?"

Nikamwambia anyamaze, mkwe asisikie. Akanitazama vile mama alivyokuwa akinitazama nikitoka kuiba sukari guru. Chakula kilikuwa muthokoi na kunde, na Mutua alipelekewa chake kwa jirani alikolala. Asubuhi, wakati wa kuagana, Mbithe alinipa kibuyu na kunishika mkono wenye uvimbe.

"Sema kabla hamjaondoka."

"Nitasema Mutomo."

"Utasema Mutomo, utasema Ikutha, utasema mbinguni," akasema. "Wewe na hiyo fahari yako, mtafika mkiwa wawili tu."

Lami ya Kibwezi

Tulirudi kushika lami ya Kibwezi. Lami ni nzuri, kwa hivyo Mutua akaongeza mwendo, kwa sababu Mwende alikuwa amempigia kusema tumbo sasa linakaza kwelikweli. Mutomo tulipita bila kusimama. Sikusema. Nilijiambia kama angesimama, ningesema.

Baada ya Ikutha nikasikia sauti, kama mtu anayesaga mahindi mabichi kwenye jiwe. Mutua hakuweza kusikia, vioo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya vumbi la malori. Mimi nilisikia. Kisha gurudumu likaanza kutikisika juu, hivi, kama jino la mtoto. Rangi yangu ya bluu ikaanza kuchemka, ikawa nyeusi. Moshi mwembamba ukatoka.

Nikampigia Mwende. Simu ikalia ikakatika. Nikapiga tena. Ikalia ikakatika. Kina mama, kioo cha nyuma cha pikapu kilikuwa karibu na bega langu. Ningekigonga kwa kiganja na kupaza sauti, "Mutua, simama!" Maneno mawili tu. Lakini jina lake sikuwahi kulitamka mbele yake, na nilijua neno la kwanza likitoka, la pili litafuata: kwa nini. Nikapiga simu mara ya tatu. Nilikuwa bado nimeishika sikioni gurudumu lilipotoka.

Liliruka, likatupita, likashuka bondeni likikimbia peke yake kama lina shughuli. Karavani ikaanguka upande wa kulia, chuma kikachana lami, pikapu ikavutwa kushoto kisha kulia. Mutua aliishika. Sijui aliishikaje. Tulisimama tukiwa tumeelekea kichakani, kuku akipiga kelele, kibuyu kiko salama mapajani mwangu.

Kule bondeni kulikuwa na mbuzi wengi wakichungwa, na gurudumu liliingia katikati yao. Mtu mrefu mwenye kilemba alikimbia kutoka kwenye mti na kisu mkononi. Nilidhani anakuja kutuua. Kumbe alimkimbilia mbuzi mmoja aliyekuwa chini akitupa miguu, akamchinja haraka kwa jina la Mungu kabla hajakata roho, nyama isiharibike.

Jina lake Abdi. Alikuwa ametoka na mbuzi wake upande wa Garissa, akiwapeleka soko la Emali, na lori lake lilikuwa limesimama mbele wanyama wapumzike. Aliponiona nimekaa tu nyuma ya pikapu, na Mutua amesimama mbali akinipa mgongo, akakunja uso.

"Nyanya, huyu kijana amekuiba?"

"La."

"Amekupiga? Sema, usiogope. Mbona anakuficha uso?"

"Ni mume wa binti yangu," nikasema. "Kwetu ni heshima."

Abdi akamtazama Mutua, akanitazama mimi, akautazama moshi. "Gari imevunjika, mbuzi amekufa, na nyinyi mnaheshimiana," akasema. "Basi mimi nitakuwa mdomo wenu."

Mutua akamwendea akamshika mkono kwa mikono miwili. Nilisikia kila neno. "Mzee, nisamehe kwa mbuzi. Ni makosa yangu. Dereva ni mimi, na habu ya kulia sikuishika hata mara moja."

Nilikuwa pale. Midomo yangu ilikuwa mahali pake. Nilinyamaza.

Abdi alisema siku ya mbuzi huyo ilikuwa imefika. Wenzake wakawasha moto, wakachoma maini, na yeye akaniletea mimi kwanza, na chai ya maziwa ya ngamia yenye tangawizi. Mnajua nilivyokuwa nikisema juu ya wafugaji wa upande wa Garissa, kwamba mbuzi wao wanamaliza majani yetu. Mama Halima, wewe ni wa kwao na umenisikia, na ulinipimia sukari yangu vilevile. Nilikula maini ya mbuzi niliyemuua, kutoka kwa mkono wa mwenyewe, nikasema asante.

Mutua alikuwa chini ya karavani. Habu ilikuwa imeliwa yote. Alitoka na kile kilichobaki cha bering, vipande vikavu, vyekundu kwa kutu, bila hata alama ya grisi. Alivigeuza kiganjani muda mrefu. Fundi akiona hivyo anajua. Hakuniangalia, akavitia mfukoni.

Ndipo simu yake ikalia. Alikuwa yule jirani wa Emali. Mwende alikuwa amepelekwa hospitali tangu asubuhi, analia akiuliza mama yuko wapi.

Abdi akanijia. "Mkwe wako anasema karavani ibaki hapa, vijana wangu wawili watailinda. Anasema uingie mbele, atakimbia sana, nyuma utaanguka."

Nikaingia mbele. Miaka tisa ya ukwe, mara ya kwanza. Kibuyu magotini, kuku miguuni, Mutua kando yangu, harufu ya chuma kilichoungua ikitoka mfukoni mwake. Tukapita Kibwezi na Makindu hivyo hivyo, mpaka Emali.

Emali

Tulichelewa. Mtoto alikuwa amezaliwa saa nane mchana, msichana, na Mwende alikuwa amemshika mkono jirani badala yangu, badala ya mume wake pia. Alikuwa hai, wote wawili walikuwa hai. Aliponiona hakunilaumu. Aligeuza uso ukutani kidogo, kisha akaurudisha.

"Nilikuita, mama," akasema.

"Najua."

"Mutua ameniambia hakuangalia gurudumu. Nimemkasirikia sana."

Nikamimina uji kwenye kibuyu, nikampa. Sikusema hata hapo.

Nililala kwa yule jirani. Siku tatu nilimkanda Mwende, nilipika supu, nilifua, na siku tatu nilisikia watu wakija kumtania Mutua. "Dereva wa gurudumu moja!" "Mtu amewekewa grisi na mama mkwe wake mzima, na bado anamwangusha!" Naye anacheka, anainamisha kichwa.

Siku ya kumpa mtoto jina wanawake walikusanyika. Msichana wa kwanza alipewa jina la mama yake Mutua, ndiyo kawaida. Wa pili anachukua jina la mama wa mke. Yaani langu. Mama yake Mutua, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, akamchukua mtoto mapajani. Kwanza alimgeukia mwanawe aliyekuwa mlangoni.

"Wewe, nusura utuulie mgeni wetu. Nilikuzaa na macho mawili, ukashindwa kuangalia gurudumu moja?" Halafu akamgeukia mtoto. "Huyu tunampa jina la mwanamke mchapakazi, fundi, mtu wa neno moja. Huyu ataitwa..."

"Ngoja," nikasema.

Nilisimama.

"Kabla hamjampa, mjue mnampa nini. Gurudumu la kulia sikulifungua. Lilinishinda, nikaona haya kuita fundi, nikalipaka rangi. Mutua aliniuliza, nikamdanganya. Alitaka kulishika Mwingi, nikamfukuza kwa kutumia kitanda changu na heshima aliyonayo. Nililiona likitoa moshi nikapiga simu badala ya kuita. Mwende alizaa peke yake kwa sababu yangu. Mutua anajua. Ana vipande mfukoni tangu siku ile, na hajasema."

Mwende alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mama yake Mutua alinitazama, akamtazama mwanawe. "Ni kweli?"

Mutua akatoa vile vipande, akaviweka mezani kando ya sahani ya nyama.

"Na ulinyamaza mimi nikikutukana?"

"Ni mama," akasema. "Ningemvua nguo mbele ya watu?"

Yule mama alimfunika mtoto vizuri kwa kanga. Halafu akasema, "Jina tunampa. Jina halina kosa. Lakini akikua ataambiwa yote, ya grisi na ya rangi. Na wewe Kalekye ndiwe utakayemwambia, si mimi."

Nikakubali. Kwa hivyo yuko Kalekye mdogo kule Emali, na ana mashavu.

Kurudi

Kesho yake tulirudi Ikutha na habu mpya. Vijana wa Abdi walikuwa bado hapo, wameilinda, hata sufuria haikupotea. Upande wa kulia ulikuwa umebonyea, na skrubu za kushikilia sakafu zilifikiwa kwa ndani tu, chini ya kitanda. Mutua alisimama mlangoni, akasita, akatazama chini.

Nikamwambia mwenyewe, bila simu, "Mutua, ingia. Inua hicho kitanda."

Akavua viatu kwanza, kama anayeingia kanisani. Kisha tukakaa chini kando ya gurudumu, kila mtu na bering yake, tukashindilia grisi kwa viganja mpaka ikatokea upande wa pili. Kofia mpya aliipachika yeye, niliigonga mimi.

Karavani ilivutwa mpaka Emali, na imebaki huko. Mimi nimerudi kwa basi. Kofia ya zamani ilipatikana bondeni, nimekuja nayo kwenye mfuko wa kanga, na Jumatano nitaiweka mezani kwenye kikundi mkae nayo mkitaka. Rangi yangu ya bluu bado iko pembeni mahali moto haukufika. Ndani ni kutu tupu.